Barua ya Mapenzi Unasomewa na Nani?

Najua nimepotea hapa kibarazani. Kazi za gazetini zimenibana kweli kweli: warsha, mikutano na waandishi, na mhariri ambaye akikuona umekaa anadhani huna stori. Leo nimepata usiku mmoja mtulivu na umeme upo, basi nimeamua kuandika jambo lililonikaa kichwani tangu nikiwa chuo. Ni refu kidogo. Chemsha chai kwanza.

Mwaka wa kwanza nilipangiwa chumba kimoja na jamaa asiyeona. Mwenyewe amenikubalia nisimulie, ila jina libaki huko huko. Wakati ule simu janja alikuwa hajapata. Alikuwa na kitochi, zile simu ndogo za vitufe. Kupiga alikuwa hasumbuki, vidole vyake vinajua kila kitufe kilipo. Tatizo lilikuwa meseji. Ikiingia anasikia mlio tu, halafu ananiita: "Kaka, hebu nisomee."

Nikawa msomaji wake. Nilimsomea meseji za mama yake, za wenzake wa darasani, za mtandao wa simu kumkumbusha anunue vocha. Hakuna shida. Mpaka siku moja, yapata saa nne usiku, ikaingia ya binti. Nikaifungua, neno la kwanza tu nikajua hapa pana kazi. Jamani, meseji ya mapenzi ya mtu mwingine unaisoma kwa sauti gani? Nikaamua kuisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari, bila kupanda wala kushuka. Chumbani tulikuwa wanne. Wawili wakajifunika shuka wakicheka. Yeye akacheka pia, halafu akanyamaza, akaniambia: "Futa." Nikafuta. Akasema, "Mjibu: asante, nimeipata."

Yaani binti wa watu amemwaga moyo wake, anajibiwa kama ameleta risiti! Wale hawakufika mbali. Miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshamaliza chuo, nilimwuliza kuhusu usiku ule. Akaniambia hivi: "Maneno nilikuwa nayo kaka, tena mengi. Ila yote yalikuwa lazima yapite kwako."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya nichimbe. Nilidhani nitakuta historia ya vitabu na shule. Kumbe ukiifuatilia vizuri historia ya namna wasioona walivyopata kusoma na kuandika, katikati yake kuna mapenzi, na kuna ugomvi mmoja wa zamani: nani ana haki ya kusimama kati ya mtu na siri yake.

Anza Italia. Mwaka 1808 hivi, bwana mmoja aitwaye Pellegrino Turri alitengeneza mashine ya kuchapia herufi. Ni miongoni mwa taipureta za kwanza kabisa zilizofanya kazi, miongo mingi kabla ya hizi zilizojaza maofisi. Na hakuitengeneza kwa ajili ya ofisi. Aliitengeneza kwa ajili ya rafiki yake, Countess Carolina Fantoni da Fivizzano, mwanamke kijana aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona. Kabla ya hapo akitaka kumwandikia mtu barua ilibidi amtamkie mtu mwingine aandike, na huyo mtu lazima asikie kila neno. Kwa mashine ya Turri aliandika mwenyewe. Na kwa kuwa mashine ilihitaji wino, Turri akabuni na karatasi ya kaboni. Mashine yenyewe ilishapotea, lakini barua za Carolina zipo mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya Reggio Emilia. Wapo wanaosimulia kwamba wawili hao walikuwa wapenzi. Mimi sitakwenda huko, ila najiuliza mwanamume anayekaa chini kumtengenezea rafiki yake mashine nzima ili aandike barua bila karani... haya, kila mtu na mawazo yake.

Tatizo likabaki upande wa pili. Carolina aliweza kuandika, lakini barua ikirudi nani atamsomea? Hapo ndipo anapoingia kijana wa Kifaransa ambaye jina lake sote tunalijua.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 kijijini Coupvray. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3 mtoto alichezea chombo chenye ncha cha kutobolea ngozi, kikamchoma jicho. Maambukizi yakahamia la pili, na miaka michache baadaye hakuona kabisa. Mwaka 1819 akapelekwa shule ya vijana wasioona mjini Paris. Pale kulikuwa na vitabu vya Valentin Haüy, vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa ili zipapaswe. Vilikuwa vikubwa, vizito, na kusoma kwake ni taratibu kama kuhesabu mchele. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba mwanafunzi aliweza kusoma tu. Hakuweza kuandika kitu ambacho mwenzake asiyeona angekisoma. Ukifikiria vizuri, ile ilikuwa njia ya kuelekea upande mmoja: wanaoona wanasema, wasioona wanapokea.

Louis, akiwa na miaka 15 tu, mwaka 1824, akawa amekamilisha mfumo wa nukta 6. Mwaka 1829 akauchapisha. Nukta nundu hazifanani na herufi za wanaoona hata kidogo, na hilo ndilo lililowakera wakubwa. Mkurugenzi wa shule, Dufau, alizikataza kwa muda. Hoja ilikuwa kwamba maandishi yale yatawatenga wasioona na watu wengine. Wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Braille alifariki Januari 1852, na shule yake ikayapitisha rasmi mwaka 1854, miaka 2 baada ya kuzikwa kwake.

Mimi nasema Dufau aliona jambo la kweli, ila alilitafsiri vibaya. Ndiyo, kwa mara ya kwanza palikuwa na maandishi ambayo mwalimu hawezi kuchungulia na kuelewa papo hapo. Chukua kibao chenye vidirisha na kile kijisindano cha kutobolea: unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ukimaliza unageuza karatasi ndipo unasoma kushoto kwenda kulia. Mtu asiyejua akiikuta barua hiyo mezani ataona vipele tu. Kwa vijana wa bweni ambao kila kitu chao kilikuwa kinasomwa na mtu mwingine, hebu fikiria utamu wake! Kuna kichekesho kimoja cha posta kinachonifurahisha: huko Marekani barua ya nukta nundu husafirishwa bure bila stempu, ila sharti isigundishwe, ili karani aweze kuikagua. Sasa karani akague nini, na hajui kusoma?

Lakini kuwa na maandishi hakutoshi kama jamii imeshaamua kwamba mapenzi hayakuhusu. Na kwa hili sina mfano unaonichoma kuliko wa Helen Keller.

Sisi Helen Keller tumefundishwa kama mtakatifu: msichana asiyeona na asiyesikia, mwalimu wake Anne Sullivan, maji ya bomba mkononi, mwisho. Hatukuambiwa ya mwaka 1916. Helen alikuwa na miaka 36, mwandishi wa vitabu, mhadhiri, msoshalisti aliyejulikana dunia nzima. Anne alikuwa anaumwa, na katibu wao alikuwa likizo Scotland. Wakaleta katibu wa muda, Peter Fagan, kijana wa miaka 29, mwandishi wa gazeti wa Boston (mwenzetu huyo!). Fagan akajifunza alfabeti ya vidole, ile ya kumwandikia mtu herufi kiganjani, na akajifunza nukta nundu. Unaona maana yake? Maisha yote ya Helen, mazungumzo yalipita kwenye mkono wa Anne, au wa mama yake, au wa katibu. Huyu alikuja akazungumza naye moja kwa moja.

Wakapendana. Wakaenda kuomba leseni ya ndoa kimya kimya. Gazeti la Boston likaipata habari, likaiandika, na mama yake Helen akajua kwa njia hiyo. (Waandishi wa habari hatuna haya, tangu zamani.) Helen akakana kwa hofu. Fagan akafukuzwa. Mama akamchukua bintiye mpaka Montgomery, Alabama, nyumbani kwa mdogo wake Helen. Wapenzi wakapanga kutoroka. Usiku uliopangwa Helen alifungasha mfuko wake, akakaa barazani akisubiri. Fagan hakuja. Helen Keller hakuolewa mpaka alipofariki mwaka 1968. Katika kitabu chake cha mwaka 1929, Midstream, aliyagusa mapenzi yale kwa ufupi, bila chuki.

Nilipokisoma kisa hicho nilijiuliza: kosa lake lilikuwa nini? Mwanamke wa miaka 36, amesoma chuo kikuu, anajilisha kwa kalamu yake. Familia haikumwona kama mtu mzima anayechagua. Ilimwona kama mali dhaifu inayotaka kuibiwa.

Na familia ile haikuwa peke yake. Shule nyingi za wasioona za enzi hizo zilitenga wavulana na wasichana kwa ukali kuliko shule za kawaida, kwa sababu waanzilishi wake waliogopa asiyeona asije akaoana na asiyeona. Nchini Marekani daktari bingwa wa macho Lucien Howe alitumia miaka yake ya mwisho, katika miaka ya 1920, kupigania sheria za kuzuia ndoa za watu wenye upofu wa kurithi. Mwaka 1933 Ujerumani ya Hitler ikatunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu wenye magonjwa ya kurithi, na upofu wa kurithi ulikuwa kwenye orodha. Watu wapatao 400,000 walifungwa uzazi chini ya sheria ile, wasioona wakiwa miongoni mwao. Mwaka huo huo, ng'ambo ya pili ya bahari, mwanasaikolojia Mmarekani asiyeona, Thomas Cutsforth, akatoa kitabu kuhusu asiyeona katika shule na jamii, na hakuogopa kuandika waziwazi kwamba wanafunzi wa shule hizo wana miili na matamanio kama watu wengine. Mambo haya mawili kukutana mwaka mmoja, mimi hunisisimua.

Haya, sasa tuingie kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote. Inahusu Playboy. Usifunge ukurasa!

Mwaka 1931 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoipa Maktaba ya Bunge dola 100,000 kwa mwaka ili itoe vitabu kwa watu wazima wasioona. Mpango ukakua. Ukaongezwa magazeti na majarida ya nukta nundu, yanayopelekwa nyumbani kwa msomaji bila malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jarida la Playboy likaingizwa kwenye orodha, kwa sababu rahisi tu: wasomaji walilitaka.

Najua unachofikiria. Picha? Hakuna picha. Toleo la nukta nundu lilikuwa na maandishi matupu. Hakuna picha za wanawake, hakuna maelezo ya hizo picha, hakuna katuni. Wanaume wengi duniani wamejitetea kwamba Playboy wananunua kwa ajili ya makala. Basi wasioona wa Marekani ndio watu pekee waliosema hivyo na ikawa kweli tupu.

Na makala zilikuwapo. Ndilo jarida lililochapisha kwa mfululizo riwaya ya Ray Bradbury, Fahrenheit 451, mwaka 1954, riwaya inayohusu serikali inayochoma vitabu (kumbuka hili). Ndilo lililomhoji Martin Luther King mwaka 1965, aliyeuliza maswali akiwa Alex Haley, yule aliyekuja kuandika Roots. Na tangu mwaka 1960 lilikuwa na safu ya ushauri, ambapo watu waliuliza kuhusu uchumba na kitanda, wakajibiwa bila kuhubiriwa. Sisemi Playboy ni jarida takatifu. Wanawake walilipinga kwa sababu za msingi; Gloria Steinem alijipenyeza kama mhudumu katika klabu yao mwaka 1963, akaandika namna wasichana walivyotendewa, na makala yake bado ni somo kwa mwandishi yeyote wa uchunguzi. Lakini suala halikuwa kama jarida ni zuri. Mtu anayeona alikuwa analikuta kwenye kila kibanda cha magazeti, anaamua mwenyewe kununua au kuacha. Swali lilikuwa kama asiyeona naye aachiwe kuamua.

Julai 1985 mbunge wa Ohio, Chalmers Wylie, akasimama akasema hapana. Hoja yake ilikuwa kodi ya wananchi isitumike kuchapisha jarida la namna ile. Hakuweza kutaja jina la jarida kwenye sheria kirahisi, kwa hiyo akatumia ujanja wa bajeti: akapendekeza fungu la Maktaba lipunguzwe kwa dola 103,000, kiasi kile kile hasa kilichokuwa kinagharimia Playboy ya nukta nundu. Bunge likakubali. Mkutubi Mkuu wa Bunge wakati huo alikuwa Daniel Boorstin, mwanahistoria mkubwa, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1974. Hakufurahishwa. Lakini alisema ujumbe wa wabunge ameuelewa, akasimamisha uchapishaji. Toleo la Desemba 1985 likawa la mwisho.

Hapa ndipo wasioona wenyewe wakasimama. Baraza la Wasioona la Marekani, pamoja na chama cha maveterani waliopofuka, chama cha wakutubi na kampuni ya Playboy, wakampeleka Boorstin mahakamani. Nawafikiria wale maveterani. Mtu amepoteza macho vitani akiitumikia nchi, anarudi, halafu mbunge anamwambia kuna makala zisizomfaa.

Agosti 1986 Jaji Thomas Hogan wa mahakama ya shirikisho mjini Washington akatoa hukumu. Mantiki yake ni nzuri na inaeleweka hata kwa sisi tusiosoma sheria. Serikali hailazimiki kuchapisha majarida ya nukta nundu. Ingeweza kutoanzisha mpango ule kabisa. Lakini ikishauanzisha, haiwezi kuchomoa jarida moja kwa sababu tu wakubwa hawapendi linachosema. Kufanya hivyo ni kuvunja Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, yale ya uhuru wa maoni. Hakuna mahakama iliyokuwa imetamka kwamba jarida lile ni chafu kisheria. Kilichokuwapo ni kuchukizwa tu. Playboy ikarudi kwenye vidole vya wasomaji wake.

Niliposoma hukumu ile nilirudi nyuma kwenye chumba chetu cha hosteli. Wylie alikuwa anafanya kwa nguvu ya Bunge kile nilichofanya mimi kwa kitochi, bila kukusudia. Kusimama katikati. Tofauti ni kwamba mimi nilisoma.

Nisisahau simu, maana kabla ya kompyuta wasioona walishajitengenezea baraza lao hewani. Mtoto mmoja wa Kimarekani asiyeona, Joe Engressia, aliyezaliwa mwaka 1949, aligundua akiwa mdogo kwamba akipiga mluzi wa sauti fulani, hezi 2,600, mitambo ya simu inatii. Wakatokea vijana wengi wa namna hiyo, na wengi wao hawakuona. Wengine walifundishana kwenye kambi za likizo za watoto wasioona. Mwaka 1970 waligundua laini ya majaribio iliyosahaulika katika mtambo wa simu wa Vancouver, Canada, ambamo watu wengi waliweza kuingia na kuongea kwa pamoja bila malipo. Kila usiku vijana kutoka pande zote za Amerika Kaskazini walikuwa humo wakipiga soga. Mwandishi Ron Rosenbaum aliwaandika katika jarida la Esquire Oktoba 1971, na dunia ikawakumbuka kama wahalifu wa mitambo. Mimi nikiisoma nawaona wapweke. Kijana wa miaka 16 au 17, mtaani kwao hakuna mwingine kama yeye, amepata mahali ambapo kila mtu ni sauti tu, hakuna anayekuonea huruma kwa sura yako. Kwenye simu, anayeona na asiyeona wako sawasawa.

Kompyuta zikaja na matumaini, kisha zikaja na vikwazo vyake. Mmarekani Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano kabla ya ajali ya gari kumpofusha mwaka 1978, alitoa programu ya kusoma skrini ya JAWS mwaka 1989. Nzuri, lakini bei yake ilikuwa mamia ya dola, fedha ambayo mwanafunzi wa kwetu anaisikia kwenye habari za bajeti. Mwaka 2006 kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, akaanza kuandika NVDA, ya bure kabisa, na hiyo ndiyo iliyofika kwenye maabara za vyuo vyetu. Mwaka 2009 sauti ikaingia kwenye simu zenyewe, iPhone kwa VoiceOver na Android kwa TalkBack. Mlango ukafunguka. Halafu ukifika mlangoni unaambiwa uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kwa kusoma herufi zilizopinda kama tambi! Na mwaka 2012 ikaja Tinder, ambapo uchumba mzima unaanza kwa kutazama picha na kuisukuma kulia au kushoto. Teknolojia ile ile iliyotoa sauti ikarudisha macho kuwa mlinzi wa geti.

Kuna mambo madogo zaidi ambayo sisi tunaoona hatuyafikirii. Kipimo cha ujauzito, kwa mfano. Mwanamke asiyeona ananunua duka la dawa, anajipima chooni peke yake, halafu? Mistari ni miwili au mmoja? Lazima amwite mtu. Habari kubwa kuliko zote za mwili wake anaisikia kutoka mdomoni kwa jirani. Mwaka 2020 shirika la RNIB la Uingereza lilionyesha mfano wa kipimo ambacho jibu lake linainuka kama vinundu ili lipapaswe. Miaka zaidi ya 190 baada ya Louis Braille kuchapisha mfumo wake, bado watu wanagundua upya wazo lile lile.

Kwetu je? Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950; Kenya walianza Thika mwaka 1946. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unataja faragha, unataja haki ya kuoa na kuolewa, na kifungu cha 25 kinataja afya ya uzazi na kujamiiana kwa maneno hayo hayo. Kenya iliuridhia mwaka 2008, sisi mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga sheria yetu. Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, ulipitishwa tarehe 27 Juni 2013, ambayo kwa bahati ni siku ya kuzaliwa ya Helen Keller. Kenya iliingia mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Karatasi tunazo. Sasa nenda kliniki yoyote ya karibu nawe, angalia vipeperushi vya uzazi wa mpango na virusi vya ukimwi pale ukutani. Vina picha za rangi nzuri sana.

Nilimtembelea jamaa yangu mwezi uliopita. Sasa ana simu janja, na anaitumia kwa kasi iliyonitia aibu; ameiwekea sauti ikimbie mpaka mimi nasikia kama redio inayotafuta stesheni. Kwa muda mrefu, aliniambia, aliitumia kwa sauti ya Kiingereza, ndiyo aliyoizoea shuleni. Sasa Mzungu yule alipokuwa anasoma meseji za Kiswahili, jamani! "Nimekumiss mpenzi" ilikuwa inatoka kama jina la dawa. Tulicheka mpaka mkewe akachungulia kutoka jikoni kuuliza kuna nini.

Ndiyo, ameoa. Alimpata kwenye kundi moja la WhatsApp ambalo watu wanatumiana sauti zaidi ya maandishi. Mwezi mzima walikuwa wanabishana kuhusu mpira kabla ya kuulizana majina.

Tulipokuwa tunakula simu yake ikatetemeka. Akachomeka kisikilizio kwenye sikio moja, akasikiliza, akatabasamu, akaanza kuandika. Mazoea yana tabu. Nilijikuta nimeshanyoosha mkono kuichukua ile simu.

"Tulia kaka," akasema, akiendelea kuandika. "Hii haikuhusu."